Maswali na majibu: soseji, bekoni na ile chumvi ya pinki

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu nitriti na nitrati, chumvi zinazotiwa kwenye soseji, hemu na bekoni.

Mwanangu ana miaka sita na kila siku anataka soseji ya kwenda nayo shule. Kwenye pakiti nimeona E250. Namlisha sumu? (Mama, Sakina)

E250 ni nitriti ya sodiamu. Kwa kiasi kinachoruhusiwa viwandani haimdhuru mtoto papo hapo, mama. Kinachonitia wasiwasi ni hilo neno "kila siku". Mwaka 2015 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliziweka nyama za kusindika kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Gramu 50 kila siku, yaani karibu soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Kundi hilo lina sigara pia, ndiyo maana watu walishtuka. Lakini makundi hayo yanapanga uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa madhara. Tuseme kati ya watu 100 watano wangeugua. Wote 100 wakila soseji kila siku, wagonjwa watafika kama sita. Mpe Jumamosi. Siku za shule kuna mayai, maharage na viazi.

Kwa nini wasitumie chumvi ya kawaida tu, au magadi? (Usa River)

Magadi yanalainisha makande, hayana nitriti. Chumvi ya kawaida na moshi husaidia, ila kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum ambaye mbegu zake hustahimili hata maji yanayochemka, na hustawi pasipo hewa, kama katikati ya soseji nene. Sumu yake hupoozesha misuli hadi ya kupumulia. Nitriti humzuia, na juu ya hapo huipa nyama ile rangi ya pinki na ladha ya hemu. Haichukui nafasi ya friji, lakini. Umeme ukikatika siku nzima na soseji zikapata joto, usizitetee kwa sababu eti zina dawa.

Nina bucha ya kitimoto na nataka kuanza kutengeneza bekoni. Nimeletewa mfuko wa chumvi ya pinki kutoka Nairobi. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo kinatosha? (Kiboriloni, Moshi)

Kinazidi, kaka, tena sana. Kwanza soma mfuko. Chumvi ya kusindikia nyama namba 1 huwa na nitriti asilimia 6.25, iliyobaki ni chumvi ya kawaida. Hutiwa rangi makusudi ili mtu asiikosee jikoni. Kipimo chake ni gramu 2.5 kwa kilo ya nyama, ambayo ni kama miligramu 156 za nitriti. Kijiko cha chai hubeba karibu gramu sita, zaidi ya mara mbili.

Nitriti ikizidi, damu hushindwa kubeba oksijeni: midomo na kucha hugeuka buluu, mtu hukosa pumzi, na anaweza kufa. Kwa hiyo nunua mizani midogo, kama ya sonara, inayosoma sehemu za gramu. Mfuko uandike kwa herufi kubwa na uufungie mbali na chumvi ya ugali. Angalia pia usichanganye na chumvi ya Himalaya inayouzwa supamaketi. Nayo ni ya pinki, ila haina kinga hiyo. Bekoni yako itabaki na chumvi tupu.

Na kabla hujauza hata pakiti moja, pita TBS. Tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwao.

Nasikia nitrati ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye mbolea ya CAN. Naweza kutumia kidogo? (Tengeru)

Hapana. Mbolea haikutengenezwa iliwe. Iache kwenye mahindi.

Daktari mmoja mtandaoni anasema mchicha una nitrati nyingi kuliko soseji. Tuache mchicha? (Njiro)

Kuhusu nitrati yuko sawa: sehemu kubwa tunayokula hutoka kwenye mboga. Tatizo huja nitriti inapokutana na protini za nyama kwenye moto mkali, hapo huzaliwa nitrosamini, na baadhi yake huleta saratani. Mchicha una vitamini C, ambayo huzuia jambo hilo. Viwanda vingi navyo huongeza vitamini hiyo kwenye bekoni kwa sababu hiyo hiyo. Kula mchicha wako. Bekoni ikaange kwa moto mdogo, isiungue.

Nyama choma ya mbuzi ilikuwa na mstari wa pinki chini ya ngozi ya juu. Wametia dawa? (Moshi mjini)

Si lazima. Gesi za nitrojeni zitokazo kwenye kuni na mkaa huipaka nyama rangi hiyo hiyo, kwenye milimita chache za juu. Ikiwa pinki hadi ndani kabisa huku nyama imeiva vizuri, basi una haki ya kumuuliza mchomaji.