Kuvua kambale usiku Nyumba ya Mungu kwa chambo cha manyoya

Ukitaka kuvua usiku, fika bwawani jua likiwa bado juu. Huwa nawaambia hivyo wote wanaoniuliza habari za bwawa la Nyumba ya Mungu, na wengi hawasikii. Wanatoka Moshi baada ya kazi, wanafika giza limeshaingia, kisha wanaumaliza usiku wakinasua ndoano kwenye matete. Fika saa kumi jioni. Tazama visiki vilipo, tazama na mti ulio nyuma yako, maana ndio utakaokamata mshipi unapourudisha nyuma kabla ya kurusha.

Kabla ya hapo, ulizia kwa ofisa uvuvi kuhusu leseni na kama bwawa liko wazi, kwa sababu limewahi kufungwa ili samaki wazaliane.

Perege hutegemea sana macho, kwa hiyo mawindo yake ni ya mchana. Kambale hutafuta chakula zaidi usiku, akipapasa kwa sharubu zake, na husogea hadi maji mafupi ya ukingoni. Usihangaike kurusha mbali. Mita saba au nane zinatosha.

Chambo cha manyoya, yaani manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano badala ya chambo hai, kiwe cheusi na kinene. Najua wengi huchukua cheupe wakidhani ndicho kinachoonekana gizani, lakini samaki aliye chini anatazama juu, na hata usiku usio na mwezi anga lina mwanga kidogo, kwa hiyo cheusi ndicho kinachojitokeza. Unene nao unatikisa maji, na kambale anausikia mtikisiko huo. Vuta kidogo, tulia, vuta tena, polepole sana. Mshipi uupitishe juu ya kidole cha shahada na usiuachie. Mara nyingi kambale hashtui mkono. Mshipi unakuwa mzito tu, kana kwamba umezoa majani. Uzito huo ukiuhisi, inua fimbo hapo hapo. Anayesubiri mvuto mkali atasubiri hadi alfajiri.

Uzi wa mwisho, ule unaofungwa chambo, uwe mfupi na mnene. Mwembamba ukijisokota gizani, kuufungua ni kazi. Tochi ya kichwani iwashe ukiwa umeyapa maji mgongo.

Sasa hili nakusihi sana ndugu yangu: usiingize mguu majini. Kuna mamba, na kuna viboko wanaotoka usiku kula nyasi. Simama hatua kadhaa nyuma ya ukingo, usikae kwenye njia iliyokanyagwa kuelekea majini, na nenda na mvuvi wa kijiji cha pale anayejua walikoonekana wiki hiyo. Akikwambia sehemu fulani haifai, hamia kwingine bila ubishi.

Kambale akitoka, usimshike ovyo: mapezi ya kifuani yana miiba. Mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba hiyo. Ndoo yako iwe na mfuniko, kwani anaweza kupumua hewa, na hata akitulia muda mrefu bado ana nguvu za kuruka nje.