Kichwa baada ya sindano ya mgongo

Dada wa Kondele, unasema leo ni siku ya tatu tangu upasuaji wa kujifungua, na ukiketi kunyonyesha kichwa kinapasuka, ukilala kinatulia. Hiyo ni sindano ya ganzi: tundu dogo limebaki mgongoni, maji ya uti wa mgongo yanavuja. Si baridi kama anavyodai mama mkwe. Nyonyesha ukiwa umelala ubavu, kunywa maji, meza parasetamoli.

Lakini rudi hospitali leo wakupime presha. Presha ya uzazi nayo huumiza kichwa hata baada ya kujifungua. Kisipopoa, daktari wa ganzi anaweza kuchota damu mkononi mwako, mililita 20 hivi, aidunge pale mgongoni kuziba tundu. Ukipata homa, shingo kukakamaa au macho kuona ukungu, usiku huohuo nenda. Na usipande boda, tafuta gari ulale.