Anza na kidole gumba: kwa wanaoingia kazi ya kuchochea ubongo kwa sumaku

Wiki ya kwanza utadhani kazi yenyewe ni mashine. Sikulaumu, inavutia: kiti kinachoegemea nyuma, koili (waya uliozungushwa) yenye umbo la nane, na ule mlio wa tak-tak-tak kama kigong'ota anayetoboa mti. Nilipoanza nilisoma mwongozo wake mara tatu nikajiona fundi. Mgonjwa wa kwanza niliyemkalisha kitini aliniuliza, "Sasa hii inafanyaje kazi kichwani mwangu?" Nikababaika.

Kwa hiyo jifunze kulieleza jambo hili kwa maneno ya kawaida. Umeme mkali hupita kwenye koili kwa muda mfupi mno na kuzaa uga wa sumaku wenye nguvu ya tesla 1.5 hadi 2 hivi. Uga huo hupenya fuvu bila kupasua chochote, kisha ndani hugeuka kuwa umeme mdogo unaoziamsha seli za neva. Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, walilionyesha hilo mwaka 1985, na hawakuwa wakitafuta tiba ya sonona. Walitaka njia ya kupima neva. Marekani iliidhinisha kifaa cha kwanza cha kutibu sonona kwa njia hii mwaka 2008, kwa wagonjwa ambao dawa haikuwasaidia. Mgonjwa pia atakuuliza kama ni ule umeme wa kichwani anaouona kwenye filamu, unaomtetemesha mgonjwa. Mwambie hapana: hapa hapewi nusukaputi, hasababishiwi kifafa kwa makusudi, na baada ya kikao anaweza kwenda zake kazini.

Uga huo hufifia haraka. Sentimita mbili au tatu chini ya koili, nguvu yake imekwisha. Ndiyo maana tunalenga gamba la mbele la ubongo, mara nyingi upande wa kushoto, ambalo limeunganishwa na sehemu za ndani zinazohusika na hisia. Tunabisha hodi mlangoni. Anayepeleka habari chumba cha ndani ni ubongo wenyewe.

Sasa kidole gumba. Hakuna mita inayoweza kukuambia ubongo wa mtu huyu unahitaji nguvu kiasi gani. Fuvu la mmoja liko mbali na ubongo kuliko la mwenzake, na dawa anazotumia nazo zina lake. Kwa hiyo tunaisogeza koili juu ya sehemu inayoongoza mkono, tunapiga pigo moja moja, na kutazama kidole gumba cha mkono wa upande wa pili. Nguvu ndogo kabisa inayokifanya kiruke mara 5 katika mapigo 10 ndiyo kizingiti cha mgonjwa huyo. Matibabu mengi hupigwa kwa asilimia 120 ya hapo. Ukikosea kizingiti, umekosea kila kitu kinachofuata, hata kama skrini inaonyesha namba nzuri.

Usiwe na haraka hapa. Wageni wengi hukiona kidole kikicheza mara ya kwanza, wakafurahi, wakaandika namba. Sogeza koili nusu sentimita mbele, nusu nyuma, igeuze pembe kidogo. Mara nyingi kuna mahali pazuri zaidi ulipokuwa ukiparuka. Hakikisha pia mkono umelegea. Mgonjwa mwenye wasiwasi huukaza bila kujua, na msuli uliokazwa huruka kwa nguvu ndogo, ukakudanganya.

Kizingiti pia hakikai palepale. Niliwahi kuwa na mgonjwa wa wiki ya tatu, kila kitu shwari, nami nikaendelea na namba ya siku ya kwanza. Katikati ya kikao nikaona vidole vyake vinaanza kucheza, na koili haikuwa hata juu ya sehemu ya mkono. Nilizima mashine papo hapo. Kumbe alikuwa ameacha moja ya dawa zake, zile za kifafa ambazo wengine hupewa kutuliza mabadiliko ya hisia. Alikuwa amelisema hilo mapokezi. Mimi sikumuuliza. Tulipopima upya, kizingiti kilikuwa kimeshuka, maana yake siku kadhaa nilikuwa nikimpiga kwa nguvu kuliko iliyopangwa. Hakudhurika, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Kifafa ndicho kitisho kikubwa cha kazi hii. Ni nadra sana, chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000, na kinabaki nadra kwa sababu kuna mtu anayeuliza maswali kila siku. Uliza usingizi, pombe, dawa mpya na dawa iliyoachwa. Lakini uliza vizuri. Ukisema "Umelalaje?" utajibiwa "Salama", kwa sababu umemsalimia, hujamhoji. Sema: "Jana ulilala saa ngapi? Ukaamka saa ngapi?" Hapo ndipo utasikia kwamba alikesha.

Chuma huulizwa kabla ya yote: kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, klipu kwenye mshipa wa damu wa ubongo, kipande chochote kilichobaki kichwani baada ya ajali au upasuaji. Vizibo vya masikio ni lazima, kwake na kwako pia. Na mwambie mapema kwamba ngozi ya kichwa itauma kidogo, jicho litapepesa, huenda kichwa kikagonga siku za mwanzo. Aliyeonywa huvumilia, asiyeonywa hudhani ubongo wake unaungua.

Kuhusu mahali pa kulenga nitasema machache, maana kila kituo kina utaratibu wake. Zamani walipima sentimita 5 mbele ya pale koili ilipokifanya kidole gumba kiruke, basi. Kanuni hiyo hailingani na vichwa vyote, na kwa watu wengi huiangusha koili nyuma ya palipokusudiwa. Utepe wa kupimia na hesabu ya vipimo vya kichwa chenyewe hufanya vizuri zaidi. Picha za ubongo zinazoongoza koili ni bora pale zilipo.

Utakutana pia na maswali ya kasi. Utaratibu wa zamani huchukua dakika 37.5 kwa kikao, siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6. Mwaka 2018 utafiti wa Kanada wenye wagonjwa 414 ulionyesha kwamba mapigo 600 ya mafungu ya haraka, yanayomalizika kwa dakika 3 na ushei, hayakuwa duni kuliko hayo marefu. Halafu watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakaja na vikao 10 kwa siku kwa siku 5, na matokeo yakashangaza wengi. Nami yalinishangaza. Lakini jaribio lao lililolinganisha na koili bandia, ile inayolia tu bila kuuchochea ubongo, lilikuwa na watu 29, basi usiahidi wiki moja kwa kila anayekuja.

Koili bandia ilinifundisha adabu. Katika utafiti mmoja niliosaidia, nilikuwa na hakika mama fulani alikuwa kwenye koili halisi: alianza kuchana nywele, akatania, akauliza habari zangu. Siri ilipofunguliwa, alikuwa kwenye bandia. Nafuu yake haikuwa ya uongo. Kwa wiki kadhaa alitoka nyumbani saa ileile, akapokelewa kwa jina, akasikilizwa. Tangu hapo siamini jicho langu, na sikubali anayempa mgonjwa matibabu awe ndiye anayempima nafuu.

Usichanganye haya na umeme hafifu wa elektrodi mbili, yaani vibandiko vya kupitishia umeme kichwani, miliampea 1 au 2, usioamsha seli bali huziweka tayari tu. Huko ushahidi unayumba. Mwaka 2017 Brazil iliulinganisha na dawa ya sonona iitwayo escitalopram kwa watu 245: ulishinda plasebo, yaani tiba bandia, ukashindwa kuthibitisha kwamba si duni kuliko dawa. Mwaka 2023 Wajerumani waliuongeza juu ya dawa kwa watu 160, wasione tofauti na bandia. Mwaka uliofuata jaribio la kuutumia nyumbani likaonyesha faida. Mtu akikuambia amejiundia chake kwa betri, mwulize kwanza kuhusu ngozi yake. Michomo ya elektrodi naijua.

Jambo la mwisho linahusu fomu. Wengi hutumia ile ya kupimia sonona yenye maswali tisa, alama 0 hadi 27, na mgeni wa kazi huijumlisha, akaiweka faili, akamwita anayefuata. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jumla inaweza kushuka wakati jibu hilo limepanda. Lisome mgonjwa akiwa bado kitini, na kama si sifuri, mwite daktari kabla hajavaa viatu.