Swali la mbunge, jibu la wizara: majibu kwa wasomaji

Safu iliyopita niligusia maswali ambayo wabunge huyapeleka wizarani kwa maandishi, na jinsi majibu yake yanavyopita bila watu kuyaona. Ujumbe wenu umekuwa mwingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua baadhi, na machache nimeyafupisha.

Shikamoo mwandishi. Mbunge wetu alisema kwenye mkutano wa hadhara kwamba swali letu la maji "limeshajibiwa kwa maandishi". Hatukulisikia redioni wala kuliona kwenye televisheni. Ametukwepa? – Msomaji, Masasi

Marahaba. Si lazima awe amewakwepa. Yapo maswali yanayojibiwa ukumbini asubuhi, baada ya dua na hati za kuwasilisha mezani, na yapo yanayojibiwa kwa karatasi tu. Yote yanatoka kwenye Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania. Ibara hiyo inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na inaliruhusu kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo ndani ya wajibu wake.

Swali la maji kama lenu mara nyingi hunufaika zaidi na karatasi. Naibu waziri aliyesimama mbele ya kamera hawezi kusoma orodha ya visima vya wilaya nzima na hali ya kila pampu, ila jedwali linaweza kubeba yote hayo. Tena jibu halizaliwi Dodoma. Swali likishafika kwa Katibu wa Bunge huenda wizarani, wizara ikaliteremsha kwa taasisi husika, taasisi ikamwandikia meneja wake wa wilaya alete takwimu haraka. Huyo meneja wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ambaye hajawahi kuwajibu barua yenu, swali la mbunge hatalikalia.

Kinachopotea kwenye karatasi ni maswali ya nyongeza, kwa kuwa hakuna wa kusimama na kubana. Kwa hiyo mwombeni mbunge nakala ya jibu. Si siri. Akishindwa kuitoa, hapo mna haki ya kuanza kuwa na wasiwasi.

Mimi ni mwalimu, na hufuatilia Bunge nikipata nafasi. Maswali ni yale yale: "Je, ni lini Serikali itajenga barabara fulani kwa kiwango cha lami?" Na jibu ni lile lile: "kadri fedha zitakavyopatikana." Kuna faida gani? – Kahama

Mwalimu, faida ni ndogo, na wa kulaumiwa kwanza ni muulizaji. Wabunge wetu wanapenda mno mianzo miwili: "Je, ni lini Serikali itafanya" na "Je, Serikali ina mpango gani". Hakuna serikali duniani itakayojibu kwamba haina mpango. Kwa hiyo unapata kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, kwamba upembuzi yakinifu na usanifu wa kina vitafanyika, na kwamba ujenzi utaanza kadri fedha zitakavyopatikana. Soma maneno hayo pole pole. Hayana uongo hata mmoja, na hayana tarehe hata moja.

Kisha mbunge anasimama: "Pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, nina maswali mawili ya nyongeza." La kwanza linahusu barabara nyingine kabisa. La pili ni kama naibu waziri yuko tayari kuongozana naye kwenda jimboni kujionea. Naibu waziri yuko tayari, siku zote yuko tayari, na nyongeza zote mbili zimekwisha. Makofi. Inaniudhi kila ninapoisikia.

Sasa chukua barabara hiyo hiyo, uliza hivi: Katika mwaka wa fedha ulioishia tarehe 30 Juni, (a) kiasi gani kiliidhinishwa kwa ajili ya barabara hii, (b) kiasi gani kilitolewa na Hazina hadi siku hiyo, (c) mkandarasi amelipwa kiasi gani, na anadai kiasi gani?

Hapo "inatambua umuhimu" haina pa kukaa. Tofauti ya (a) na (b) ndiyo habari yenyewe. Bajeti hupitishwa Juni kwa shangwe, lakini fedha kuidhinishwa ni jambo moja na fedha kutoka ni jingine, na miradi mingi hukwama katikati ya hayo mawili. Swali la namba kama hili likirudiwa mwaka unaofuata kwa maneno yale yale, majibu mawili yanawekwa ubavuni, na mwananchi wa kawaida anaona kama mradi unasogea au umelala.

Mbunge mvivu wa takwimu ana msaada wa bure pia. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi, kisha zinawasilishwa bungeni. Kila hoja ya ukaguzi ndani yake ni nusu ya swali, kinachobaki ni kuongeza "Je, Wizara imetekeleza pendekezo hili kwa kiwango gani?" Na ajue anamuuliza nani. Barabara za vijijini na mijini ziko TARURA, chini ya TAMISEMI, na barabara kuu ziko TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Swali likikosea mlango, utajibiwa kwa adabu kwamba barabara hiyo haiko chini ya wizara husika, na mkutano mzima wa Bunge umekwenda.

Jambo moja ningelitamani kwetu liko India. Tangu 1953 Lok Sabha, baraza la chini la Bunge lao, ina kamati ambayo kazi yake ni kuorodhesha ahadi ambazo mawaziri wametoa wakijibu maswali. Waziri akisema "tutaliangalia", limeandikwa, na anatarajiwa kulitekeleza ndani ya miezi mitatu au aeleze kwa nini ameshindwa. Fikiria orodha yetu ingekuwa na urefu gani.

Kaka, nipo Leicester, Uingereza. Ombi la viza la mke wangu limekaa Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya huku, muda mrefu. Rafiki ananishauri nimwombe mbunge wa hapa apeleke swali la maandishi. Litasaidia?

Kwa shauri lako binafsi, hapana. Mwombe aandike barua Home Office kuhusu faili la mkeo, maana ofisi za wabunge huko hufanya kazi hiyo kila siku. Swali la maandishi ni la jambo la jumla: ni maombi mangapi ya aina hiyo yamepita muda uliowekwa na Serikali yenyewe, na kwa nini. Vitu hivyo viwili vinaweza kwenda pamoja.

Huko ulipo swali la maandishi ndilo chombo cha kila siku hasa. Wabunge wa Uingereza huuliza makumi ya maelfu kwa mwaka, na majibu huwekwa mtandaoni kila mtu asome. Mbunge anaweza hata kutaja siku anayotaka kujibiwa, mradi maswali ya namna hiyo yasizidi 5 kwa siku. Lakini wizara nazo zina kichaka chao. Kama kutafuta jibu kutagharimu zaidi ya pauni 850, zinaruhusiwa kukataa kwa sababu ya gharama. Wabunge wazoefu huligawa swali vipande vipande ili kila kimoja kipite chini ya kiwango.

Na usidhani wenzetu hawapindishi. Februari 1996 Jaji Richard Scott alitoa ripoti yake kuhusu uuzaji wa vifaa vya kijeshi kwa Iraq. Serikali ilikuwa imelegeza masharti kimyakimya, huku majibu ya mawaziri kwa Bunge yakiendelea kusema sera haijabadilika. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha azimio kwamba waziri anayelipotosha kwa kujua anatarajiwa kujiuzulu. Kilichowaumbua mawaziri ni majibu yao wenyewe yaliyoandikwa na kuhifadhiwa. Maneno ya mdomoni mtu husema hakunukuliwa vizuri, ila karatasi haina lugha hiyo.

Na kwetu waziri akijibu uongo? – Mwanafunzi, Mbeya

Kanuni za Kudumu za Bunge zinakataza kusema uongo bungeni, na waziri kwetu ni mbunge, kwa hiyo zinamhusu. Mbunge anaweza kudai uthibitisho, na Spika anaweza kumtaka msemaji athibitishe au afute kauli. Ila usipoteze muda ukiwinda uongo mtupu, ni nadra. Angalia tarehe. Jibu likianza na "hadi kufikia Desemba" na wewe unalisoma Mei, jiulize kilitokea nini kati ya hapo ambacho hawakutaka kukisema.

Hapa kwetu Kenya waziri si mbunge tena. Sasa nani anamuuliza? – Voi

Kweli, Katiba ya 2010, Ibara ya 152, inakataza waziri kuwa mbunge. Matokeo yake Bunge la 2013 lilianza kazi bila kile kipindi cha maswali ambacho Wakenya walikizoea, na mambo yakahamia kwenye kamati. Ibara ya 153 inamlazimu waziri kufika mbele ya kamati akiitwa na kujibu, na Ibara ya 125 inalipa Bunge nguvu za Mahakama Kuu za kumwita shahidi yeyote. Kwa karatasi hiyo ni nguvu kuliko ya Dodoma. Shida ni kwamba wananchi wachache hufuatilia vikao vya kamati, na kwa miaka mingi wabunge walinung'unika kwamba majibu hayafiki. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni kanuni zilibadilishwa ili mawaziri wafike kwenye kikao cha Bunge zima wajibu. Wewe mwenyewe una Ibara ya 119 pia: kila mtu ana haki ya kuwasilisha ombi bungeni, bila kumsubiri mheshimiwa.

Wabunge karibu wote ni wa chama kimoja. Nani atamuuliza waziri wake swali gumu? Tusidanganyane. – Mama lishe, Mbagala

Dada, sitakudanganya. Tulikuwa na mfumo wa chama kimoja tangu 1965 hadi 1992, na maswali yaliulizwa, mengine makali. Mwaka 2008 Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond iliongozwa na mbunge wa CCM, Harrison Mwakyembe, na ripoti yake ikamfanya Waziri Mkuu wa CCM, Edward Lowassa, ajiuzulu. Kwa hiyo inawezekana. Lakini Bunge lile la Samuel Sitta lilikuwa na wapinzani wenye sauti, na mbunge wa chama tawala alijua kwamba asipouliza yeye, jirani yake ataliuliza na kupata sifa.

Siku hizi yale ya visima, zahanati na madawati yanaulizwa vizuri tu, maana mbunge anahitaji kitu cha kupeleka nyumbani. Yale ya polisi, ya waliopotea, ya uchaguzi, hapo ukumbi unakuwa mpole. Anayehesabu kura za maoni za chama chake ana sababu zake. Sizioni kuwa nzuri.

Zahanati yetu haina dawa. Nimpelekee nani, mbunge au mwakilishi? – Chake Chake

Mwakilishi. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo linaulizwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Pasipoti, uraia na polisi ndiyo umpelekee mbunge.

Ni kweli kuna wabunge wanaolipwa ili waulize maswali?

Yametokea, na kwa ushahidi. Desemba 2005 Bunge la India liliwafukuza wabunge 11 baada ya waandishi wa habari kuwarekodi kwa siri wakipokea pesa ili wapeleke maswali. Uingereza ilikuwa na kashfa yake 1994. Ukiona mbunge wa jimbo la wakulima ameshikilia swali la kina kuhusu leseni ya kampuni moja, uliza anaulizia nani.

Mimi si mbunge wala simjui mbunge. Naweza kuiuliza wizara mwenyewe? – Bukoba

Unaweza, na wachache mno wanafanya hivyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi ina siku 30 za kukujibu. (Kenya wana sheria yao ya mwaka huo huo, siku 21.) Zipo taarifa zilizozuiliwa, kama za usalama wa taifa, na unaweza kutozwa gharama ya kuzitoa. Ukinyimwa, sheria imeweka njia ya kuomba uamuzi upitiwe upya.

Andika kwa maandishi, kwa mkuu wa taasisi, ukitaja jina lako, anwani na taarifa yenyewe: mradi gani, mwaka gani wa fedha, hati gani. Usiandike malalamiko kwenye barua hiyo hiyo, maana itahamishiwa dawati la malalamiko na siku 30 zako zitaishia huko. Peleka nakala mbili, na usiondoke masjala mpaka ya kwako imegongwa mhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe.