Barua za Mashabiki: Baada ya mechi za uwanja wa Bukhungu, Kakamega, vijana wetu huenda wapi?

Mwalimu, salamu kutoka Luanda, Vihiga. Kijana wangu yuko kidato cha tatu na ndiye winga wa timu ya shule. Baada ya mechi za kaunti, mtu mmoja wa Nairobi alimfuata akampa nambari ya simu. Anataka aache shule sasa ajiunge na klabu, masomo atayamalizia mbele. Tangu siku hiyo kijana halali. Baba yake anasema aende, mimi moyo umekataa. Nifanyeje?
*Mama mchezaji, Luanda*

Mama, asitoke shuleni. Nasema hivyo bila kuzunguka, na baba yake naomba umsomee.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa mwalimu wa michezo katika shule za Vihiga na Kakamega, na watu wa aina hiyo nawatambua kabla hawajafungua mdomo. Hawamsalimii mwalimu wala kuuliza mzazi ni nani. Wanamngoja mtoto langoni akitoka kubadilisha jezi, na kila kitu ni haraka: leo, kesho, nafasi inajaa. Msaka vipaji wa kweli huanza na mwalimu mkuu, kisha anaomba kuonana nawe.

Basi mwite huyo bwana aje ofisini kwa mwalimu mkuu, nawe uwepo. Muulize klabu ni ipi na iko daraja gani. Kijana atalala wapi, atakula kwa nani? Akivunjika mguu wiki ya pili, hospitali analipa nani? Atasajiliwa shule gani ili afanye mtihani wa KCSE, na karo inatoka mfuko wa nani? Mwishowe muulize karatasi iko wapi. Mtoto hatii sahihi peke yake, ni lazima mzazi ahusishwe, na kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa kwa mkataba wa zaidi ya miaka 3. Akianza kukutajia Ulaya au hata nchi jirani, mkumbushe kwamba kanuni hizo hizo zinakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache, kwa mfano wazazi wenyewe wakihamia huko kwa sababu zisizo za soka. Mtu mwenye nia njema atajibu yote haya akiwa amekaa. Mwingine ataaga kabla chai haijaletwa.

Niseme na ninayoyaona. Nimekutana Kondele, hapa Kisumu, na vijana niliowafundisha kupiga kona, sasa ni wa boda boda. Boda boda ni kazi ya heshima, lakini walitoka shuleni kidato cha tatu kwa ahadi kama hiyo. Klabu ilikaa miezi bila kulipa, kocha akafutwa, wao wakarudi bila cheti na bila timu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tena jukwaa analolihitaji liko hapo alipo. Soka ya shule huchezwa muhula wa pili, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha eneo, taifa na Afrika Mashariki. Agosti 2025 michezo ya Afrika Mashariki ililetwa kwetu Kakamega, vijana wa Uganda, Tanzania na Rwanda wakaja kucheza nyumbani kwa watu wanaoijua kandanda. Anayetafuta mchezaji hawezi kusema hakujua pa kutazama.

Nami sipuuzi hamu ya mtoto. Kuna kitu hutakiona kwenye runinga, kinatokea mechi za kaunti ndogo. Mchezaji akibadilishwa anaketi kwenye mstari, anafungua kamba, anamvulia mwenzake njumu. Anayeingia anazivaa zikiwa bado na joto na matope, ngoma za isukuti zinalia upande wa pili, refa anatazama saa. Jozi moja, miguu ya watoto wawili. Mtoto aliyepitia hayo akiambiwa Nairobi kuna klabu, lazima akose usingizi. Muonee huruma, lakini mshike.

Mimi ni mzaliwa wa Mumias. Baba alinibeba mabegani kwenda kutazama timu ya kiwanda. Siku hizi ukitaja ligi kuu, magharibi na Nyanza tumebaki na timu za kuhesabu. Timu zetu za sukari zilikwenda wapi?
*Msomaji, Mumias*

Ndugu yangu, umegusa kidonda, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna wakati ukanda wote wa miwa ulikuwa ukanda wa mpira. Mumias walikuwa na timu, Nzoia walikuwa na timu, Chemelil na Muhoroni vivyo hivyo, na kule Awendo, Migori, SoNy Sugar walitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Klabu ya mji wa kiwanda iliwaacha vigogo wa Nairobi nyuma.

Siri yake watu huisahau. Mchezaji wa timu ya kiwanda alikuwa mwajiriwa. Alikuwa na chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, zahanati ilimtibu na mshahara uliingia mwisho wa mwezi, mechi ilichezwa au haikuchezwa. Asubuhi karakana au ofisi ya mizani, jioni mazoezi. Goti likimwangusha akiwa na miaka 28, aliendelea na kazi. Kijana aliyemaliza shule Musingu au Kakamega High alijua kwamba akicheza vizuri, karibu na kwao kuna mlango. Jumamosi wafanyakazi waliotoka zamu walikuja uwanjani na gambuti zao, trela za miwa zikiwa zimepanga foleni nje ya ua, na jina la kila mchezaji lilijulikana kwa sababu walikula pamoja kantini.

Kisha viwanda vikaanza kuugua: madeni, mitambo mizee, sukari ya bei rahisi kutoka nje, wakulima kukaa bila malipo. Kiwanda kinachodaiwa na mkulima hakiwezi kununua jezi bila aibu, na sikilaumu kwa hilo. Mumias, mwaka 2019 kiliwekwa chini ya usimamizi wa benki iliyokidai, na timu ilikuwa imeshakufa kabla ya hapo. Msimu wa 2019/20, baada ya mdhamini mkuu wa ligi kujiondoa, SoNy walishindwa kufika kwenye mechi wakatolewa ligini. Chemelil nao wakashuka msimu huo huo. Nzoia wa Bungoma wakafuata baadaye.

Sasa angalia nani amebaki imara. Tusker ni wa kiwanda cha bia, KCB ni benki, Bandari ni bandari ya Mombasa. Ulinzi Stars, waliokaa Nakuru miaka mingi, ni wanajeshi, nao wamechukua ligi mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010. Msimu wa 2024/25 Kenya Police walitwaa taji lao la kwanza. Kutoka 2010 hadi 2025, ukiondoa Gor Mahia, ambao wana bahari ya mashabiki, ubingwa wa Kenya ulikwenda kwa timu yenye mwajiri nyuma yake. Sisi tulikuwa na waajiri wetu, wakaanguka, na mpira ukaanguka nao. Wanaosema vijana wa siku hizi hawana bidii waje wasimame Bukhungu muhula wa pili.

Sijakata tamaa. Kakamega Homeboyz walikosa ligi ya 2021/22 kwa tofauti ya mabao tu nyuma ya Tusker, kisha wakachukua Kombe la FKF, la shirikisho la soka la Kenya, mwaka 2023. Shabana wa Kisii walirudi ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17, na uwanja wa Gusii ukajaa mpaka watu wakakaa juu ya miti. Watu wapo. Ninachodai mimi ni hiki: kaunti zetu, badala ya kutoa basi moja wakati wa kampeni, ziwaajiri wachezaji kama wafanyakazi wa kaunti, kwa mkataba na bima, katika idara yoyote wanayoiweza. Ndivyo viwanda vilivyofanya, na vikombe vilikuja.

Mwalimu, niko Nakuru, sehemu ya 58. Binamu yangu anasoma Ohio na kila Jumamosi ananitumia picha za mpira wa chuo chao, uwanja umejaa kuliko Kasarani siku ya Mashemeji, Gor Mahia wakikutana na AFC Leopards. Anasema wachezaji wa vyuo ndio wanaingia ligi ya kulipwa. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?
*Shabiki wa Ulinzi, Nakuru*

Kwanza wasomaji wengine waelewe kwamba mpira huo ni wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kubeba mkononi. Binamu yako hakudanganyi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake unaingiza zaidi ya watu 100,000, na ni wa wanafunzi.

Ninachokipenda kwao ni mpangilio. Ligi ya kulipwa, NFL, ina timu 32. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, timu hizo huchagua wachezaji wapya kwa zamu katika raundi 7, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo huchagua kwanza. Mchezaji haruhusiwi kuingia mpaka miaka 3 ipite tangu amalize sekondari, kwa hiyo karibu wote hupitia chuo. Kijana anajua siku, anajua mlango, na wakati anangoja yuko darasani. Tangu 2021 wameruhusiwa pia kupata pesa kwa majina yao wakiwa bado wanafunzi. Wengi wao hawafiki NFL kamwe, lakini wanabaki na elimu, na hapo ndipo ninapowaonea wivu.

Mkenya ameshapita huko, ingawa kwa njia ya pembeni. Daniel Adongo alitoka kwenye raga, akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kucheza mpira huo chuoni.

Kuhusu kwetu, hatuna pesa zile na hatuzihitaji ili kuanza. Maseno iko hapa Kisumu, Masinde Muliro iko Kakamega, Egerton iko huko kwenu Njoro. Kila chuo kikitenga nafasi kumi na tano tu za karo kwa vijana waliong'ara michezo ya shule, na shirikisho likaziruhusu timu za vyuo kucheza ligi za chini bila kuombwa ada kubwa, tutakuwa na kijana wa miaka 22 mwenye shahada, anayeingia ligi kuu akijua kusoma mkataba wake mwenyewe. Sasa hivi mtaala mpya una njia ya sanaa na sayansi ya michezo kwa wanafunzi wa gredi ya 10. Swali la mzazi litakuwa lile lile: baada ya gredi ya 12, wapi? Vyuo vijibu mapema.

Na asikwambie mtu kwamba ligi ya nyumbani haina wachezaji. CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika, huchezwa na wanaosakata soka kwenye ligi za nchi zao. Agosti 2025, pale Kasarani, vijana wa ligi yetu waliwashinda Morocco 1-0 ingawa walimaliza wakiwa kumi uwanjani, bao la Ryan Ogam wa Tusker, na Morocco hao ndio waliokwenda kubeba kombe. Muda mfupi baadaye Ogam alikuwa Austria.

Wewe ni Mluhya unaishi Kisumu. Sema ukweli, wewe ni Ingwe (AFC Leopards) au K'Ogalo (Gor Mahia)? Na Ingwe watabeba ligi lini?
*Mwanafunzi, Khayega*

Ingwe, tangu utotoni, na majirani zangu wa Gor wanajua. Ligi ya mwisho kubeba ni ya 1998, na kila mwaka naamini. Wakipata viongozi wanaokaa pamoja misimu mitatu bila kupelekana kortini na wakawalipa wachezaji kwa wakati, watabeba. Hata hivyo nitakwambia jambo moja, kijana: Gor ya 1987, ya kina Peter Dawo na nahodha Austin Oduor, iliyotoka 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 Kasarani ikachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini, ilikuwa ya Kenya nzima. Nilishangilia, na nitashangilia tena klabu yoyote ya Kenya ikifika pale.

Mwalimu, binti yangu ana miaka 14, anacheza soka na wavulana hapa Mbale, Vihiga, na anawapita. Mashangazi zake wananisema vibaya. Nimwachie?
*Baba wa watatu, Mbale*

Mwachie, mzee wangu, na mashangazi waambie wapande hadi uwanjani wamtazame kwanza.

Uko Vihiga, nyumbani kwa Vihiga Queens. Mwaka 2021 wasichana hao walikuwa mabingwa wa ukanda wetu wakaenda Misri kucheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake, ya kwanza kabisa kuandaliwa. Na timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, wanaume kwa wanawake, ilikuwa ya wasichana wa chini ya miaka 17, chini ya kocha Mildred Cheche, kule Jamhuri ya Dominika mwaka 2024. Waliwapiga Mexico 2-1. Wengi wao bado walikuwa wanafunzi.

Anapotafuta shule, ulizia zile zenye jina katika soka ya wasichana: Butere, Madira, Wiyeta ya Kitale, Nyakach. Usimtume tu kwa sababu ya jina. Nenda siku ya mazoezi bila kuarifu. Tazama kama kuna mwalimu wa kike anayeandamana na timu safarini, wanalala wapi wakienda mechi za mbali, na mchezaji akiumia nani anampeleka zahanati. Muulize mwalimu wa masomo, si wa michezo, wachezaji wa mwaka jana walipata alama gani. Kama majibu ni mazuri, mlipie karo, mnunulie njumu zake mwenyewe, na muhula wa pili uniandikie anavaa nambari gani.