Cheni inadondoka oili, mbona inalegea kila wiki?

SWALI: Pikipiki yangu ni ya 125 cc, cheni saizi ya 428. Kila Jumamosi naisugua kwa petroli na brashi ya waya, napaka oili chafu niliyomwaga kwenye injini, halafu juu yake grisi ili isikauke haraka. Pamoja na yote hayo inapiga kelele, na nikiikaza, baada ya siku nne au tano imelegea tena. Fundi mmoja kaniambia niichemshe kwenye grisi. Mwingine anataka kukata pingili mbili. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Na oili chafu iache leo, hata kabla hujamaliza kusoma.

Swali hili huja kila mara, na karibu kila mara ndani yake mna kopo la oili chafu. Watu huiona nyeusi na nzito, wakadhani ndiyo yenye nguvu. Oili ile imemwagwa kwa sababu imechoka. Weusi wake ni masizi, na pamoja na masizi mna chembe za chuma zilizolika kwenye injini, mabaki ya petroli na asidi. Injini ina kichujio, na bado oili hiyo ikaonekana haifai kuendelea kukaa humo. Wewe unaichukua unaipeleka kwenye cheni, isiyo na kichujio chochote. Hata ngozi ya mikono yako haifai kuishika kila wiki.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kuamini kwamba cheni inayong'aa ni cheni iliyolainishwa. Cheni hailegei kwa kuvutika kama mpira. Kinacholika ni pini na bushi yake, yaani kibomba kinachoizunguka pini, ndani, mahali usipoweza kupaona. Kila kiungo kikilika milimita 0.05 tu, na cheni ina pingili 118, tayari umepata karibu milimita 6 za urefu ambao haukuwepo. Ndiyo maana unakaza, inalegea, unakaza tena. Oili iliyojaa juu ya bati za nje haizuii lolote katika hayo, ila kutu ya nje.

Jipime mwenyewe. Futa kipande cha cheni kwa tambara kavu, kikunje kidogo, kisha chungulia ule upenyo mwembamba kati ya bati la ndani na bati la nje. Ukiona unga mwekundu wa rangi ya kutu, pini iko kavu, hata kama sehemu nyingine zote zinatiririka. Kwa maelezo yako, sitashangaa ukiukuta.

Sasa grisi. Grisi uliyopaka haipenyi kwenye upenyo ule. Inakaa juu kama plasta. Vumbi likitua linanata, na mchanga ukichanganyika na grisi unapata kitu kinachofanya kazi ileile ya msasa, kinachozungushwa kati ya rola (kile kibomba cha nje kinachozunguka bushi) na meno ya sproketi, gurudumu la meno linalobeba cheni, mchana kutwa. Tena inaziba njia: ukidondosha oili nzuri juu yake, haifiki ndani. Msasa huo umeutengeneza mwenyewe.

Petroli na brashi ya waya zinategemea aina ya cheni, na hili hukulitaja. Angalia kati ya bati. Ukiona vipete vyeusi vya mpira kila upande wa kiungo, hiyo ni cheni ya oringi. Grisi yake ilitiwa kiwandani kati ya pini na bushi, na vipete vile ndivyo vinavyoifungia humo. Petroli huviharibu, waya huvichana, maji ya presha huvisukuma pembeni. Vikishakatika, grisi inatoka na hakuna namna ya kuirudisha humo. Kama huvioni, ni cheni ya kawaida, inayotegemea oili unayoweka wewe peke yako. Kwa zote mbili safisha kwa mafuta ya taa. Petroli iache kwenye tangi. Mvuke wake unashika moto kirahisi mno kwa kazi ya kuchuchumaa na tambara mkononi.

Vifaa vyenyewe havitishi: mafuta ya taa kama kikombe kidogo, mswaki wa zamani wenye nywele ngumu za nailoni, matambara mawili, kipande cha boksi gumu, oili mpya ya gia SAE 90 au 80W-90, na bomba la sindano la mililita 20, bila sindano. Hilo bomba ndilo siri ya kazi yote, kwa sababu linakupa tone moja moja, mahali unapotaka.

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gia iwe nyutro. Chomeka boksi kati ya cheni na tairi. Oili ikifika kwenye tairi au breki umejitafutia balaa jingine. Sugua kwa mswaki na mafuta ya taa pande zote nne, hasa katikati ya bati ambako grisi yako imeganda. Fungua na kikava cha sproketi ya mbele, maana tope jeusi hujificha humo. Futa, kisha iache ikauke robo saa hivi. Mafuta ya taa yakibaki ndani yataifanya oili mpya iwe nyepesi.

Kuweka oili: anzia kwenye pingili yenye klipu, kile kibanio kinachounganisha ncha mbili za cheni, ili ujue ulipoanzia. Fanyia kazi mkondo wa chini wa cheni, lakini upande wake wa juu, yaani sehemu inayotazama ndani ya mzunguko. Cheni ikikimbia, oili husukumwa kutoka ndani kwenda nje; ukiipaka nje inarukia kwenye rimu na suruali. Dondosha tone moja kila upande wa rola, palepale bati la ndani linapolaliana na la nje. Si katikati ya rola tu. Pingili 118 kwa matone mawili ni matone 236, na kwa kuwa mililita moja ni kama matone 20, cheni nzima inakunywa takriban mililita 12. Haifiki vijiko vitatu vya chai. Ukijikuta umemaliza nusu kikombe, ulikuwa unaiogesha.

Zungusha gurudumu mizunguko kadhaa kwa mkono, iache usiku kucha, asubuhi futa yote iliyobaki nje. Ndiyo, futa. Iliyobaki nje kazi yake ni kukusanya vumbi. Rudia kuweka oili kila kilomita 500, na siku yoyote uliyopita kwenye mvua au tope usingoje kilomita. Cheni ya oringi inataka hatua zizo hizo kwa oili pungufu ya hiyo, au spreyi ya cheni iliyoandikwa kwamba haidhuru oringi. Zile spreyi nyepesi za kulegezea nati zilizoshika kutu zinafukuza maji vizuri, ila hazidumu kwenye cheni. Usizihesabu kama ulainishaji.

Kwa cheni yako, hata hivyo, anza na rula. Vuta mkondo wa chini ukaze, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Cheni 428 ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, na pini 21 zina nafasi 20 kati yake, kwa hiyo ikiwa mpya utapata milimita 254. Ikizidi 259 imekwisha, na hakuna oili, ya gia wala ya aina nyingine, itakayorudisha chuma kilicholika. Pima sehemu tatu tofauti, kwani cheni iliyokaushwa hailiki sawasawa.

Hapo ndipo utaona upuuzi wa kukata pingili. Ukiondoa mbili, cheni inakuwa fupi, lakini kila pingili iliyobaki bado ni ndefu kuliko nafasi ya meno. Rola hazikai bondeni; zinapanda jino, zinalivuta hadi lichongoke kama pezi la papa, na siku moja cheni inaruka. Ikijikunja kwenye sproketi, gurudumu la nyuma linafunga ukiwa mwendoni. Anayekukatia pingili anauza utulivu wa wiki mbili. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, maana sproketi iliyochongoka huila cheni mpya upesi.

Kuchemsha nako kuna chembe ya ukweli: cheni ya kawaida, ikiwa safi kabisa, ikizamishwa kwenye grisi safi iliyoyeyushwa, itafyonza. Yanayofanyika mitaani ni sufuria ya uchafu juu ya moto usiopimwa, na cheni ya oringi ikitumbukizwa humo mpira unakufa. Oili baridi na bomba la sindano vinatosha.

Ukishafunga mpya, ilegee kati ya milimita 20 na 30 ukiipima katikati ya mkondo wa chini, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema, na upime pale inapokaza zaidi. Cheni iliyokazwa kama gitaa huua beringi ya gia boksi. Mdomo uliofungwa wa klipu uelekee cheni inakokwenda.

Na katika kazi yote hii injini izimwe, ufunguo uwe mfukoni. Kuna wanaoweka gia ya kwanza, injini ikiunguruma, wakashikilia tambara kwenye cheni ili wasichoke kuzungusha. Tambara likinaswa kwenye sproketi huingia na vidole, na injini haisubiri uvitoe.