Geini si kitufe cha sauti

Kaka, umesema sabufa inakoroma ukifungulia muziki njia ya Moshi–Arusha, na fundi aliizungusha geini, kile kirungu kidogo cha kurekebisha kwenye amplifaya, hadi mwisho "ili ipige". Irudishe chini leo hii, tafadhali. Geini haiongezi nguvu ya amplifaya. Inailinganisha tu na volti zinazotoka kwenye redio. Ikizidi, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na koili ya spika hupata moto mpaka inaungua.

Chomoa nyaya za sabufa, zima besi busti, ekwalaiza iwe sifuri. Washa injini, cheza toni ya 50 Hz, sauti ya redio ifike robo tatu. Weka multimita (kipima umeme) upande wa volti za AC kwenye sehemu ya kutokea ya amplifaya. Volti unazotafuta ni kipeuo cha pili cha wati za amplifaya mara omu (ukinzani wa sabufa): wati 300 kwa omu 4 ni 1,200, kipeuo chake kama 34.6. Tumia wati za RMS, yaani nguvu ya kuendelea, si zile kubwa zinazong'aa kwenye boksi. Pandisha geini taratibu kwa bisibisi ndogo. Kuguswa kidogo tu, namba zinaruka. Mimi huishia 32 hivi.